Msalaba, njia panda, eksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya vitu vinavyokatana

Haya maswali nimeyapata kwa wanafunzi, kwa wapenzi wa lugha, kwa mafundi, na mengine kwa watu waliokuwa wanabishana kijiweni wakaona wanipigie simu. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Pale jibu linapogusa swali lingine nimeweka namba tu ili nisirudie.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Msalaba maana yake hasa ni nini, kitu au umbo?

Kwanza kabisa ni kitu. Ni mti uliosimama na mwingine umelazwa juu yake, ule ambao zamani Warumi walikuwa wanawatundikia watu wa kuadhibiwa, na ambao Wakristo wanauheshimu kwa sababu ya Yesu. Maana ya umbo, yaani chochote chenye mstari wa wima na wa mlalo vikikatana, imekuja nyuma kwa kufananisha. Hii tofauti inaonekana ya kitoto lakini ndiyo inayosababisha nusu ya ubishi wote huko chini, maana mtu anachukua jina la kitu anataka kuliita kila umbo linalokatana, halafu anashangaa kwa nini sentensi inagoma.

Ukitaka kuona msalaba kama kitu na si mchoro, nenda Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Mle ndani kuna msalaba wa mbao ambao inaelezwa ulitokana na ule mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Pale hakuna anayeuliza kuhusu maumbo, watu wanaangalia ubao.

2. Neno limetoka wapi?

Kiarabu. Mzizi ni herufi tatu, swad, lam, ba, na neno lao ni *salib*. Kiarabu chenyewe kina jamaa zake kwenye Kiaramu na Kisiria, ambako wanasema *sliba*, na wataalamu wengi wanaona Waarabu walilipata huko kwa Wakristo wa Shamu. Kwa hiyo neno lilishatembea sana kabla halijapanda jahazi kuja kwetu.

3. Mbona wao wanasema salib na sisi msalaba, hiyo m imetoka wapi?

Kiswahili kikishalikubali neno hakiliachi hivi hivi, kinalitafutia ngeli. Msalaba limekaa pamoja na mti, mlango, mkuki, wingi wake misalaba kama miti, na ukiangalia kile kitu chenyewe kinafanana na ndugu zake wa ngeli hiyo, kimesimama, kimetengenezwa kwa mti.

Mchezo huu Kiswahili kimeucheza mara nyingi. Msumari kwa Kiarabu ni *mismar*, msikiti ni *masjid*, mkasi ni *maqass*, hizo m zilikuwa za Kiarabu tangu mwanzo lakini sisi tukazisikia kama m yetu ya umoja, tukatoa misumari, misikiti, mikasi. Na kitabu ndiyo usiseme, *kitab* ya watu tumeichukua ki- yake tukatengeneza vitabu, Mwarabu akisikia anacheka mpaka basi.

4. Wingi ni misalaba au masalaba? Na "msaraba" je?

Misalaba. Masalaba hakuna. Msalaba huu, misalaba hii, pale msalabani.

"Msaraba" utaiona sana mitandaoni na hata kwenye mabango ya mikutano ya injili, ni ile shida ya wengi wetu ambao lugha ya nyumbani haitenganishi l na r. Kwa Kiswahili sanifu ni kosa la tahajia. Lakini usimcheke mtu haraka, soma swali la 8 kwanza.

## Ndugu zake hilo neno

5. Kusulubiwa na msalaba ni neno moja? Na "kazi ya sulubu" inaingiaje hapo?

Kusulubu na msalaba ni mzizi mmoja, ndiyo. Kiarabu *salaba* ni kumtundika mtu msalabani. Kwetu kuna kusulubu, kusulubisha, kusulubiwa, na Biblia ya Union Version inaandika kwa i, "Asulibiwe". Zote mbili zipo na zote zinaeleweka, usigombane na bibi yako kanisani.

Sasa sulubu nyingine, ile nomino, maana yake nguvu, ukakamavu, ugumu. Mtu mwenye sulubu ni mtu wa shoka. Kazi ya sulubu ni ile ya kuvunja mgongo, kubeba mawe, kuchimba mtaro jua la saa saba. Nayo ina herufi zile zile tatu, kwa Kiarabu *sulb* ni kitu kigumu na pia ni uti wa mgongo, kiuno. Ndiyo maana watu wengi wanadhani kazi ya sulubu ni kazi ya mateso ya msalaba. Siyo. Ni kazi ya mgongo! Nikimwambia mtu hivi huwa anaangalia mgongo wake kwanza.

Magazeti ya michezo nayo yamelichukua, timu ikipigwa nne utasoma "yasulubiwa". Hapo ni kusulubu kwa maana ya kutesa tu, hakuna mti wala msumari.

6. Kwa hiyo ni neno la Wakristo au la Waislamu?

Ni la Kiswahili. Mzizi wake upo kwenye Injili za Kiarabu na upo kwenye Qurani, Sura An-Nisaa aya ya 157, ile inayosema hawakumuua wala hawakumsulubu. Yaani watu wawili wanaweza kukaa baraza moja, mmoja anasema alisulubiwa, mwingine anasema hakusulubiwa, wanatofautiana kwenye habari yenyewe lakini kitenzi wanachokitumia ni kimoja na wameazima duka moja.

7. Wareno walikuja na misalaba yao, walikaa pwani muda wote ule, mbona hatusemi "kruzi"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 na ile nguzo yake yenye msalaba juu ipo mpaka leo, unaiona ukingoni mwa bahari. Wareno wakakaa Mombasa na Ngome ya Yesu mpaka Waomani walipoiteka mwaka 1698. Wakatuachia meza, bendera, leso, pera, kopo, na maneno ya karata kama turufu. Hata padri ni lao. Lakini msalaba, kanisa na injili vyote ni vya Kiarabu.

Sababu ni kwamba watu wa pwani walikuwa wanaongea na kuandika na Waarabu karne nyingi kabla ya Mreno, na Wakristo waliwajua kwa kupitia maneno ya Kiarabu. Kitu chenye jina tayari hakihitaji jina jipya. Mreno alileta vitu vingi ambavyo havikuwa na jina, hivyo ndivyo vilivyobaki na jina lake.

Na hapo kuna kichekesho chenye uchungu kidogo. Neno lao la kanisa, *igreja*, tulilichukua kweli, ila limekuwa gereza. Mtu wa Mombasa aliangalia lile jumba la mawe lenye kanisa ndani na watu wamefungiwa humo, akaamua mwenyewe lile neno linamaanisha nini.

Ukitaka kujua ingekuwaje kama Mreno angewahi, angalia upande wa pili wa bara. Kwenye Kilingala msalaba ni *ekulusu*, imetoka huko huko kwa kina *cruz*, yaani msalaba kwa Kireno.

8. Majirani zetu wanauitaje?

Wengi wamechukua la kwetu. Waganda wanasema *omusaalaba*. Rwanda na Burundi ni *umusaraba*, kwa r, kwa hiyo yule ndugu wa swali la 4 anayeandika "msaraba" huenda ana sababu zake za nyumbani. Kikuyu ni *mũtharaba*. Kiswahili cha Kongo ni *musalaba*. Lile neno lilipanda bara na misafara na wamisionari, kila lilipofika likapewa kiambishi cha wenyeji.

Wengine walikataa kuazima wakatunga. Wasomali wanasema *iskutallaab*, ndani yake kuna kutambukana, vitu viwili kukatana. Wamalagasi wanasema *hazo fijaliana*, maana yake mti wa mateso, hawakuangalia umbo hata kidogo. Waethiopia wana *meskel*, mzizi wake ni kutundika, na ndiyo jina la sikukuu yao kubwa ya Septemba. Angalia hapo: Msomali ametaja umbo, Mmalagasi ametaja maumivu, Muhabeshi ametaja kitendo.

## Umbo sasa: X, Y, T na jumlisha

9. Njia panda ni njia zenye umbo la msalaba?

Hapana, na hapa watu wengi wanateleza.

Panda ni pale kitu kinapogawanyika mara mbili. Tawi la mpera linapochipua mawili, ile Y, ndiyo panda. Mtoto akitaka manati anatafuta panda, hatafuti msalaba. Kwa hiyo njia panda kwa asili ni njia moja inayozaa mbili. Ukitaka kuiona kwa macho panda basi la Dar kwenda Moshi, ukifika Njia Panda pale Himo barabara inakuambia chagua, kushoto Moshi, kulia Himo mpaka Holili mpakani, mbele hakuna. Abiria wa Rombo wanaanza kushusha mizigo, konda anapiga kelele, kuku wanaamka.

Na yule fisi wa methali, "njia mbili zilimshinda fisi", alikuwa kwenye panda. Alisikia harufu ya nyama kulia na kushoto akataka miguu iende kote kote akapasuka msamba. Ingekuwa njia nne angefanyaje maskini.

Siku hizi njia panda inatumika hata kwa barabara nne zinazokutana, na mtu akisema "niko njia panda" kwa maana ya kushindwa kuamua anaeleweka vizuri tu. Sikatazi. Lakini ukitaka kuwa sahihi kwa barabara zinazokatana kabisa sema makutano, au sema njia nne. Madereva wa mjini wao wameshatoka huko, kwao ni mataa au kipilefti, basi.

10. Alama ya X inaitwaje? Ni msalaba?

Inaitwa eksi, na watu wanaiandika hivyo hivyo X. Ukitaka mfano wa karibu kabisa ni ile rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Mtu anaamka asubuhi anatoka kupiga mswaki, anakuta ukutani pamechorwa X kubwa na rangi bado inachuruzika mpaka kwenye kibaraza. Mtaa mzima watasema "kwa fulani kumepigwa X". Hujawahi kusikia mtu akisema nyumba imepigwa msalaba. Ingekuwa ni umbo tu tungesema, si unaona.

Shuleni ni hivyo hivyo, jibu zuri linapata vema au tiki, baya linapata kosa au eksi. Kwenye hesabu mistari ile ile ni alama ya kuzidisha, na ikisimama wima ni ya kujumlisha. Ile ya kuzidisha aliiingiza kitabuni Mwingereza William Oughtred mwaka 1631.

Mimi mwenyewe hili liliniponza. Kuna ofisi moja nilipewa fomu imeandikwa "weka msalaba kwenye kisanduku kinachohusika", nikaweka msalaba, mmoja mrefu chini mfupi juu, nimeuchora vizuri kabisa. Fomu ikarudishwa. Dada wa dirishani akaniambia "baba, hapa tunaweka X". Nikamuuliza mbona imeandikwa msalaba, akasema "si ndiyo hiyo hiyo". Sio hiyo hiyo, nimepanga foleni mara mbili.

11. Kuna maneno gani mengine ya Kiswahili chetu kwa vitu vilivyokatana?

Yapo mengi na mazuri, tatizo tumeyaacha.

Kitu kikilala kukatiza kingine kinakuwa *kimekingama*. Gogo limekingama njiani, huwezi kupita. Mstari unaotoka pembe hii kwenda pembe ile ni *mshazari*, kwa hiyo X kwa maelezo ni mishazari miwili iliyokatana. Mistari mingine ni ya *wima* na ya *mlalo*, na msalaba wa kawaida ni wima mmoja na mlalo mmoja.

Ila kipenzi changu ni *mtambaapanya*. Ni ule mti unaolazwa kutoka ukuta huu kwenda ule chini ya paa, na jina limetokana na nani anayeutumia usiku wakati nyie mmelala. Watangazaji wa mpira wa redioni wameuchukua kwa ule mwamba wa juu wa goli, mpira umegonga mtambaa panya umerudi uwanjani, na wewe uliye jikoni bila picha umeona kila kitu.

12. "Masuala mtambuka" ni nini, na yanatambuka kwenda wapi?

Kutambuka ni kuvuka kwa kuinua mguu, kama unavyotambuka mfereji au mtu aliyelala mkekani. Masuala mtambuka ni yale yanayogusa kila sekta, hayana wizara moja, kama mazingira, jinsia, UKIMWI. Yanakatiza sekta zote kama mstari wa mlalo unavyokatiza ya wima. Neno limetengenezwa vizuri kwa kweli, kosa lake ni kwamba linakaa kwenye makabrasha tu.

Nilishawahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu anatoka wilayani anasema "sasa tuje kwenye masuala mtambuka", mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa utulivu kabisa hayo masuala yamemtambuka nani, maana kwao kumtambuka mtu aliyelala ni kumkosea adabu. Kimya. Mtaalamu akaruka ukurasa.

13. Krosi ni Kiswahili?

Ni Kiswahili cha mpirani na hakitoki tena. Winga anapiga krosi, mshambuliaji anapiga kichwa. Kuna na kukrosi barabara ambayo unaisikia mjini, ingawa kuvuka lipo na ni fupi tu. Neno lenyewe asili yake ni *crux* ya Kilatini kama ile *cruz* ya Wareno, kwa hiyo ukiangalia vizuri Mzungu wa pili, Mwingereza, ndiye aliyefanikiwa kutuletea neno ambalo wa kwanza alishindwa, lakini limeingilia uwanjani, si kanisani.

14. Mtu aliyekaa akapishanisha miguu tunasemaje?

Amekunja nne. Angalia tarakimu 4 halafu angalia kifundo cha mguu kilivyokaa juu ya goti la pili. Hakuna haja ya msalaba wala eksi hapo, na mbele ya wakwe ni vizuri usikunje kabisa.

## Misalaba yenye majina yake

15. Kuna aina ngapi za msalaba?

Nyingi mno kuzimaliza. Unayoiona zaidi kwetu ni ya Kilatini, mguu mrefu mikono mifupi. Ya Kigiriki mikono yote minne ni sawa. Ya Mtakatifu Andrea ni X, ndiyo iliyo kwenye bendera ya Scotland. Ya Mtakatifu Antoni ni T. Ya Malta ina ncha nane.

Ukitaka kuona mtu aliyelichukulia umbo hili kwa uzito nenda Lalibela, Ethiopia. Kanisa la Bete Giyorgis halikujengwa, limechongwa kutoka juu kushuka chini ndani ya mwamba mmoja, na jengo zima ni msalaba wa mikono sawa. Ukisimama juu kwenye ukingo unaliona paa lake chini ya miguu yako, msalaba ndani ya msalaba.

16. Msalaba Mwekundu ni wa kidini?

Si wa dini. Chama kilianzia Geneva mwaka 1863 na alama ikakubaliwa kwenye mkataba wa mwaka 1864, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, kule msalaba mweupe juu ya nyekundu, huku mwekundu juu ya nyeupe. Lakini askari wa Dola ya Uthmania, Waturuki Waislamu, hawakuwa na muda wa maelezo hayo, mwaka 1876 wakaanza kutumia hilali nyekundu, baadaye ikatambuliwa rasmi. Mwaka 2005 ikaongezwa na alama ya tatu, fuwele nyekundu, kwa wasiotaka hizo mbili.

Halafu umbo lake ni la Kigiriki, mikono sawa. Wachoraji wa vibao vya zahanati wakirefusha mguu wa chini, mgonjwa anadhani amefika parokiani.

17. Ni kweli Kongo walikuwa wanatumia misalaba kama pesa?

Kweli kabisa, na hili ndilo linalovunja hoja ya wanaosema msalaba lazima uwe wa kanisa.

Katanga ni nchi ya shaba. Wafua shaba wa huko walikuwa wanayeyusha madini wanamimina kwenye kalibu, inatoka kipande chenye umbo la X kinachoitwa *handa*. Cha karne ya 19 kinaweza kufika kilo moja hivi na upana wa kama sentimita 20, ukikishika ni kizito kuliko unavyodhani, kingo butu, katikati pamenenepa pale mikono inapokutana, na rangi ni ya sufuria ya zamani. Watu walikitumia kununulia vitu na kulipia mahari.

Vya kale zaidi vimekutwa makaburini huko Sanga, pembeni mwa Ziwa Kisale, viliwekwa pamoja na marehemu karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajafika. Na huko makaburini, kadiri miaka ilivyokwenda vilikuwa vidogo na vya kulingana zaidi, kama vile pesa inavyozidi kuwa pesa. Wazungu walipoviona wakaviita misalaba midogo kwa Kifaransa, maana macho yao yalishazoea. Mwenyewe aliyekimimina alikuwa anatengeneza handa, kitu cha mikono minne, rahisi kufunga kamba na kubeba.

Katanga ilipojitangazia uhuru wake Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, bendera yao iliwekwa handa tatu. Mradi wa kujitenga ulikufa mwaka 1963 lakini hayo maumbo mpaka leo Lubumbashi yanauzwa kama ukumbusho, na Waswahili wa pale wanasema tu *misalaba ya shaba*.

18. Nimeona alama ya Hitler kwenye mlango wa Mhindi, ni Nazi?

Si Nazi, tulia. Ile ni swastika, neno la Kisanskriti lenye maana ya heri, na Wahindu wameitumia maelfu ya miaka mlangoni, kwenye daftari jipya la hesabu za duka, kwenye harusi. Chama cha Nazi kiliichukua mwaka 1920 wakaiita kwa Kijerumani msalaba wa ndoano. Yaani umbo lilikuwa na jina zuri, mtu akaja akalibatiza jina la msalaba, na huo msalaba ndio uliochafuka. Ya hekaluni au dukani Mombasa, Dar au Unguja ni ya heri, ingia tu ununue vitambaa.

19. Salibu ni nini? Nimelikuta kwenye mambo ya nyota.

Ni jina jingine la Msalaba wa Kusini, zile nyota nne zinazong'aa upande wa kusini usiku, mwezi wa nne mpaka wa sita unaziona vizuri mapema tu. Kati ya makundinyota 88 yanayotambulika ndilo dogo kuliko yote. Angalia jina: salibu, ile *salib* ya Kiarabu haijaguswa, haikupewa m-. Neno moja limeingia Kiswahili mara mbili, moja likaenda kanisani likavaa kiambishi, jingine likabaki juu na mabaharia.

20. Kwa nini vinaitwa Vita vya Msalaba?

Kwa sababu Papa Urban wa Pili alipowahimiza watu kule Clermont, Ufaransa, mwaka 1095 waende kuipigania Yerusalemu iliyokuwa mikononi mwa Waislamu, waliokubali walishona msalaba wa kitambaa nguoni. Yerusalemu wakaiteka mwaka 1099. Waarabu wa wakati ule waliwaita Wafaranji tu, hilo jina la vita vya *salib* wamelitumia karne nyingi baadaye.

## Ya pembeni

21. "Ubebe msalaba wako" ni tusi?

Inategemea nani anasema. Mchungaji akisema ni faraja. Mwenye nyumba akisema mwisho wa mwezi, ni notisi. "Kubebeshwa msalaba" kwenye magazeti ni kutwishwa lawama za wengine, na kocha ndiye hubeba mara nyingi.

22. Ishara ya msalaba inaanzia bega gani?

Wakatoliki paji la uso, kifua, bega la kushoto, la kulia. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaanza la kulia kisha kushoto.

23. Mtoto wangu wa darasa la pili aliambiwa achore msalaba akachora X, mwalimu kampa kosa. Nani yuko sahihi?

Nimeulizwa hili na wazazi watatu tofauti kwa hiyo linatokea. Kwa mazoea ya Kiswahili mwalimu yuko sahihi, ukisema msalaba bila kuongeza neno msikilizaji anaona wima na mlalo (1), na hiyo nyingine ni eksi (10). Kwa historia mtoto ana mashahidi wazito, Andrea wa Scotland (15) na mafundi wa Katanga (17). Mimi ningempa nusu maksi. Ila nimwombe mwalimu kitu kimoja: kama alisahihisha lile jibu kwa kuchora X nyekundu juu yake, mtoto ana haki ya kuuliza mbona na yeye amechora.